Pua Uliyoipata Mlangoni

Editha mwanangu,

Uko saluni kwa Mama Zai unasukwa, na kwa jinsi ulivyochagua rasta nyembamba najua hutarudi kabla ya saa kumi na moja. Nina mchana mzima. Sufuria za supu nimeshaziosha, miguu nimeipandisha juu ya kindoo, na daftari ninaloandikia ni lako la kidato cha nne, lile la Jiografia ulilolichoka katikati. Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo nitakasirika njiani, halafu tutaishia kugombana juu ya kitu kingine kabisa, kama Alhamisi.

Alhamisi uliniuliza swali. Nilikuwa nasafisha utumbo, mikono yote imo ndani ya beseni, nimeamka tangu saa tisa usiku kuwasha jiko. Ukaja ukakaa kwenye kigoda ukaniuliza, "Mama, nikienda kule nikawa naonja kila siku, si nitakuwa kama wewe ulivyokuwa?" Nikakujibu, "Basi usiende." Nikainuka na beseni langu nikatoka nje.

Tangu hapo hujagusa nguo hata moja ya safari. Jana Bi Mwanaidi kaniita hapo ukutani kwake. "Mama Editha, mie simo, nakwambia tu. Mwanao kasema treni ya Jumapili hapandi. Jumatatu atawapigia watu wa kiwanda cha wain Dodoma wampe nafasi mtu mwingine. Kasema mama'ke hataki." Nikamwambia sijasema sitaki. Akaniambia, "Umesema nini sasa?" Nikarudi ndani, kwa sababu nilichosema nakijua.

Kwa hiyo hili ndilo jibu langu. Lile la Alhamisi lilikuwa la uchovu. Mambo ya chandarua, ya kufunga mlango, ya wanaume wa mjini na wanaume wa kazini, umeyasikia mpaka unaweza kunifundisha mie, siyarudii. Nitakueleza habari za pombe. Nilichokuwa nakueleza siku zote ni kwamba niliacha. Sikuwahi kukueleza kwamba niliipenda, wala niliipendea nini.

Shangazi Matilda, bibi yako wa Pugu, ndiye aliyenifundisha. Unamkumbuka akiwa mtu wa kukaa na miguu imevimba, lakini mie nilimkuta na mikono kama ya mpiga tofali. Alikuwa anapika mbege nyuma ya nyumba, chini ya bati lililotoboka, na watu wetu wa Kibosho walioishi upande ule wa Gongo la Mboto wote walikuwa wanaagiza kwake wakiwa na shughuli. Nilipopata mimba yako nikiwa na miaka kumi na saba, baba alinitoa nyumbani, Shangazi akanichukua. Hakunihutubia hata siku moja. Alinipa mwiko.

Nilichota, nikachochea, nikachuja. Ndizi mbivu zinachemka mpaka zinageuka rangi ya udongo, zinalala kwenye pipa siku kadhaa, zinachujwa, zinawekewa gome chungu la msesewe, halafu unakuja uji wa ulezi unaokutanishwa nazo. Wewe ukiwa tumboni sikuruhusiwa kumeza. Nilinusa tu, na nikiambiwa nionje nilitema kwenye majani. Siku uliponihadithia kwamba kule Dodoma waonjaji wanatema, na wewe unacheka, nilitaka kukwambia kwamba mie nilitema kabla yao, kwenye migomba ya Pugu. Sikusema.

Sheria ya Shangazi ilikuwa moja. Ukionja, ruksa kusema chochote isipokuwa "tamu" na "nzuri."

"Ina nini?" ananiuliza.

"Nzuri, Shangazi."

"Nzuri ni mchumba. Nimekuuliza ina nini."

Basi natafuta. Ina ganda la ndizi. Ina kitu kama chaki. Huku mwisho inakwaruza kama ulimi wa paka. Mara nyingine nasema neno halafu naliona lenyewe halitoshi, naonja tena kutafuta jingine. Nilikuwa sijawahi kuwa hodari wa kitu, Editha. Darasani nilikuwa wa katikati, jikoni wa katikati. Huku nikaanza kusikia vitu ambavyo Shangazi mwenyewe havisikii. Nilijua pipa lipi limekaa juani. Nilijua ulezi umekaangwa kupita kiasi kabla haujasagwa. Alikuwa anaita wenzake, "Njooni mumwone huyu mtoto ana pua ya mbwa," na mie najivuna kweli kweli.

Na kuna jambo alilolishikilia kuliko yote. Mpishi wa mbege anakunywa kwanza, mbele ya wageni, kutoka kwenye kata ileile watakayopewa. Ndiyo desturi kwetu. Watu wanasema ni kuonyesha hujaweka sumu. Shangazi alisema sumu ni habari za zamani. Siku hizi unakunywa kwanza ili uso wako uwe shahidi. Ukimeza na uso wako ukasema sawa, mgeni anakunywa kwa uso wako.

Ulipofikisha miaka mitatu nikahamia huku Mbagala, nikapata kazi ya uhudumu kwenye ile baa kubwa ya zamani, siku hizi panauzwa matairi. Huko ndiko nilikokutana na dunia nzima ndani ya chupa. Nakwambia hivyo bila kutia chumvi. Kuna bia nyeusi yenye harufu ya ukoko wa ugali ulioungua kidogo, ule tunaougombania. Kuna pombe kali nyeupe inayonukia kama mkaratusi ukipasua jani. Kuna ramu, ukiifungua ni sukari guru iliyosahauliwa jikoni. Dereva mmoja wa malori alikuwa ananiletea ulanzi wa mianzi kwenye dumu kutoka Iringa, unanifikia ukiwa mtamu kama juisi na akichelewa siku moja njiani unafika umekuwa mkorofi. Mnazi wa njia ya Mkuranga asubuhi ni maji ya dafu, jioni unauma. Nilijifunza kwamba bia ikiwa baridi sana huisikii, barafu inafunika, na wale wazee wanaosema "niletee ya moto" huku vijana wanawacheka, wao ndio wanaojua wanakunywa nini.

Wain ilinitia aibu ya kwanza. Nilikuwa najua divai ya misa tu, kwa harufu, nikipita karibu na sakristia. Siku moja akaja mwalimu mstaafu mmoja, watu wote walimwita Ticha, akaagiza nyekundu kavu ya Dodoma. Nikafungua kule kaunta, mwenzangu akampelekea glasi, na mie kwa tabia yangu nikaonja tone lililobaki kwenye kizibo. Nikastuka. Nikakimbilia mezani nikamtoa glasi mkononi.

"Samahani Ticha, hii imeshaharibika. Ngoja nikubadilishie."

"Imeharibika nani kasema?"

"Ulimi wangu."

Akavua miwani, akacheka mpaka machozi. "Dada, haijaharibika. Hii ndiyo yenyewe."

"Yenyewe ndiyo inakausha mdomo kama bibo?"

"Umesemaje?"

"Kama bibo. Tunda la mkorosho."

"We! Njooni huku," akawaita wenzake wa meza ya pili. "Miaka yote nakunywa kitu hiki natafuta neno, dada wa watu kalitoa kama anatoa chenji. Bibo!"

Nikabaki na jina. Dada Bibo. Mpaka naondoka pale kuna watu hawakujua jina langu la ubatizo.

Ticha akawa kila Ijumaa akija ananimiminia kidole kimoja cha chupa yake, ananiuliza ina nini. Usifikirie vibaya. Mkewe alikuwa anampigia saa mbili kamili, na simu ikilia anainuka. Alikunywa glasi mbili. Siku moja nikamtania, "Ticha, glasi mbili tu kama padri? Chupa ina nusu nzima." Akasema, "Ya tatu siisikii ladha. Nisiposikia ladha nainywea nini?" Tukacheka wahudumu wote, tukamwambia anaogopa mkewe. Mie ndiye niliyecheka zaidi. Nilimwona mzee anayejinyima.

Sasa nikwambie kosa langu, maana mtu mwingine yeyote akikusimulia atakwambia nilikunywa kwa sababu baba yako alinikimbia, au kwa sababu ya shida. Si kweli. Shida nilikuwa nayo kabla na ninayo mpaka leo na sinywi.

Pale baa kuna mambo ya ofa. Mteja akikupenda huduma anakununulia bia, inafunguliwa mbele yake, na lazima upige funda moja hapo hapo umesimama, la sivyo unamdharau. Wenzangu walikuwa na akili. Wanapiga funda moja, chupa wanaipeleka nyuma wanaisahau. Au wanapatana na wa kaunta mapema, wanafunguliwa soda ya rangi ileile. Mie niliwaona wajinga. Niliona wanatupa shule. Kila ofa niliichukua, nikaimaliza, kwa sababu nilikuwa nasoma. Na hapo ndipo nilipojidanganya: nilidhani anayeijua pombe haimpati. Niliwatazama walevi wa pale, wanaokunywa chochote kilichopo alimradi kinalewesha, nikasema hawa ndio walevi, kwa sababu hawajui wanachokunywa. Mie najua. Mie ni Dada Bibo.

Ujuzi haukingi kitu, mwanangu. Nilijua jina la kila kitu kilichokuwa kinanimaliza.

Siwezi kukutajia siku niliyoacha kuonja. Ilikuja polepole. Nilianza kuzimua asubuhi, kidogo, ili kichwa kitulie niweze kukupeleka chekechea. Toti moja ya ile kali. Ile huisikii asubuhi, inapita tu. Kisha na bia za jioni zikawa zinapita tu. Ukiniuliza ina nini, ningekujibu "nzuri."

Ulikuwa na miaka sita Shangazi alipopata ile shughuli ya kipaimara ya mapacha, watu zaidi ya mia. Miguu ilikuwa imeshaanza kumkataa. Akaniambia, "Pika wewe. Mie nitakaa kwenye kiti nikupe jina langu." Nikaomba ruhusa kazini siku kadhaa, tukaenda Pugu mimi na wewe, ukawa unacheza na maganda ya ndizi. Nilifanya kila kitu kama nilivyofundishwa. Mapipa hayakutosha, nikaazima kwa jirani madumu mawili makubwa, nikayasuuza, nikajaza. Na kila hatua nilionja. Nakuapia nilionja. Lakini kila asubuhi kabla ya kuonja nilikuwa nimeshazimua, kichupa kilikuwa kwenye mfuko wa aproni, na ulimi wangu ulikuwa umelala kama mguu uliokaliwa.

Siku yenyewe wamekaa wazee mbele, wanawake wa Kibosho na vitenge vyao vya sare, padri keshatoka. Nikaletewa kata. Nikasimama, nikanywa mbele yao, nikameza, nikatabasamu. "Karibuni."

Wakanywa kwa uso wangu.

Bibi wa kwanza akashusha kata chini taratibu, akapangusa mdomo na ncha ya kitenge. Wa pili akaonja, akaishusha. Wa tatu akainusa tu. Nikawa natazama kata zinavyowekwa chini moja moja kwenye nyasi, na mie sielewi. Nikaenda kwa Shangazi kwenye kiti chake. Alikuwa ameshaonja.

"Hujasikia?" akaniuliza.

"Sijasikia nini?"

Alikuita wewe. Ukaja unakimbia na gauni lako la njano, akakusogezea kata puani. "Nusa, mjukuu wangu. Usinywe. Kuna nini humo?"

Ukasema hapo hapo, kwa sauti ya mtoto anayejua jibu: "Sabuni ya kufulia."

Madumu yalikuwa ya sabuni ya maji, na mbege yake nilikuwa nimeichanganya na ya mapipani. Mtu yeyote angesikia. Watu zaidi ya mia walisikia. Shangazi akanivuta kwa shingo kama ananinong'oneza, akaninusa mdomo. Akaniachia. Jioni ile mbege yote ilimwagwa kwenye migomba, pipa baada ya pipa, na wenye shughuli wakatuma watu kununua bia. Hakuna aliyeugua. Hakuna aliyetutukana. Ila baada ya hapo hakuna mtu aliyemwagiza tena Shangazi mbege, na yeye hakuwahi kunilaumu. Alisema tu, "Ungeniambia ulimi umekufa, ningeonja mwenyewe." Mpaka leo ndilo neno lililonikaa. Hasira yake ilikuwa kwamba nilisimama mbele za watu nikatoa ushahidi wa kitu nisichokisikia.

Ungetegemea niseme niliacha siku ile. Sikuacha. Niliendelea miaka mitano.

Hiyo miaka mitano unaijua kuliko mie, maana wewe ulikuwa macho. Kuna mambo nimesimuliwa na Bi Mwanaidi, na mengine namwambia abaki nayo. Lakini kuna moja nalikumbuka mwenyewe vizuri, na ndilo lililoniwasha Alhamisi ulipouliza lile swali.

Ulikuwa na tabia ya kunisubiri mlangoni. Nikirudi, kabla sijavua viatu, unanisogelea, unavuta pumzi, unasema. "Leo bia." Siku nyingine, "Leo ya kopo." Siku nyingine unasema, "Leo ile kali," halafu unachukua shuka lako unakwenda kwa Bi Mwanaidi bila kuaga. Siku ya bia ulikuwa unabaki, kwa sababu siku ya bia nilikuwa nacheka na kukupikia. Siku ya kali ulikuwa unaondoka. Mtoto wa miaka tisa, kumi, alikuwa anaijua pombe ya mama yake kwa kunusa ili aamue alale wapi.

Mie nilikuwa nawasimulia wenzangu kazini nikicheka. "Mwanangu huyo! Kanishinda mie!" Wakacheka pia, ila mmoja hakucheka.

Alipokuja yule mama wa Dodoma chuoni kwenu, akawapanga nyote mbele ya glasi zilizofunikwa, ukamwambia hii ilifunguliwa jana na hii ilikaa karibu na kitu kilichopakwa rangi, akakuuliza, "Binti, nani kakufundisha kunusa?" Ulimjibu, "Bibi yangu wa Pugu." Ulinisimulia mwenyewe, na uliponisimulia hukuniangalia usoni. Nilijua unanifichia. Nakushukuru, lakini tusidanganyane sisi wawili. Bibi alikusogezea kata mara moja. Shule yako ilikuwa mlangoni hapa, na mwalimu nilikuwa mie. Ndiyo maana ulipopata hiyo nafasi nyumba nzima ya jirani wakapiga vigelegele na mie nikaenda kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Nakumalizia na hili, halafu sina siri nyingine. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Nilikuwa nimechoka kusomwa mlangoni. Siku ile nilikunywa ile nyeupe isiyo na harufu, nikatafuna karafuu njia nzima kuanzia kituoni mpaka uchochoroni kwetu. Nikaingia. Ukanisogelea, ukavuta pumzi, ukarudi kitandani kwako. Nikafurahi. Nilifurahi, Editha, kama mtu aliyefaulu mtihani. Nikavua viatu nikiwa naimba. Ndipo ukaongea kutoka kitandani, umegeukia ukutani.

"Karafuu," ukasema. "Na nyuma yake ipo."

Nikakaa sakafuni. Sikulia, usiongeze chumvi ukija kuwasimulia wanao. Nilikaa nikafikiria kwamba kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nimefurahi kitu kwa moyo wote, na kitu chenyewe ni kumdanganya mtoto asijue pa kulala.

Asubuhi nikagonga kwa Bi Mwanaidi. Alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia, nataka kuacha, sijui pa kukaa ile saa ya jioni. Alinitazama kidogo, akasogea kwenye mkeka. "Kaa. Kwangu hata dawa ya kikohozi sina." Basi. Miezi yote ile nilikaa kwenye mkeka wake kuanzia alasiri mpaka isha, namenya vitunguu vya kachori zake, yeye anakwenda kuswali, anarudi, ananikuta. Mwanamke ambaye pombe hajawahi kuitia mdomoni hakuniuliza swali hata moja la pombe. Mara moja tu aliniuliza, "Kwani inakuwaje?" Nikaanza kumweleza ile bia yenye ukoko. Akasikiliza mpaka mwisho. "Alaa," akasema. "Basi kumbe ilikuwa na utamu wake." Hakuna mtu aliyewahi kunipa heshima kubwa kama ile. Wengine wote walitaka niseme ilikuwa uchafu.

Nilianguka mara mbili, zote unazijua. Nikaacha kazi ya baa, nikaanza supu. Naona unavyocheka kwamba wateja wangu wa asubuhi ni walewale, wanakuja macho mekundu wanataka mchuzi wa pilipili. Nawajua kwa kunusa kila mmoja kalala na nini. Siwaambii.

Sasa swali lako. Utakuwa kama mie?

Sijui. Ningekuwa najua ningekwambia, hata kama jibu ni baya. Wapo wanaosema inatembea kwenye damu. Babu yako mzaa mama hakuwahi kulewa maishani, na mdogo wake alifia kwenye mtaro. Mie damu siisomi.

Ninachokijua ni kidogo. Sikwambii uhesabu glasi, nilizihesabu sana na hazikunisaidia. Jisikilize pale utakapoulizwa ina nini ukakosa neno. Kama umekosa kwa sababu kitu ni kigeni, tafuta neno, hiyo ndiyo kazi yako na ina raha yake, usione haya kuifurahia. Kama umekosa kwa sababu huna haja tena ya kujua, weka glasi chini. Hata kama mkubwa wako anakutazama. Mwambie ulimi umekufa leo, aonje mwenyewe. Watakucheka. Waache wacheke, mie niliwahi kumcheka mtu hivyohivyo na yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Na siku ukijikuta unatafuna karafuu, ya kwako, kwa sababu yako, usimalize siku hiyo bila kunipigia. Sitakuuliza kwa nini. Nitakuja kukuchukua, tutakaa mkekani.

Nimelifikiria swali lako siku mbili hizi nikikata utumbo. Alhamisi nililisikia kama tusi, kwamba unanionyesha kidole. Leo nalisikia vingine. Mie nilipopewa mwiko sikuuliza. Nilipopewa ofa ya kwanza sikuuliza, wala ya mia. Shangazi hakuuliza, Ticha sijui. Nilikuwa na kila mtu wa kumuuliza na nilikuwa na pua ya mbwa, na halikunijia hata siku moja. Wewe umeuliza kabla hawajakumiminia. Hiyo si dawa, na sitaki uende ukidhani umekingwa. Lakini hapo hufanani na mie.

Kwa hiyo nenda. Nasema mie mama yako, na hili nalisema nikiwa nimekaa na nimekula. Panda treni kesho, Jumatatu uripoti. Usikatae kitu unachokiweza kwa ajili ya kosa langu, nisije nikawa nimekunyima usingizi ukiwa mdogo na kazi ukiwa mkubwa.

Nasikia sauti yako kwa Mama Zai mpaka huku, mnacheka, bila shaka mmemaliza. Barua hii nitaiweka juu ya mto wako, halafu nitatoka kwenda kununua mkaa, nitachelewa makusudi. Ukimaliza kusoma usinifuate barabarani na machozi. Fungasha.

Na siku watakapokupa glasi ya kwanza, nipigie jioni yake uniambie ina nini. Sikuchungi. Ni kwamba miaka minane sijaonja kitu na sitaonja tena, na nina hamu ya kusikia. Uniambie polepole, usiruke hata kimoja.

Mama yako